Insafu kwa Spec Ops: The Line
Mhakiki aliyeandika kwamba Spec Ops: The Line, mchezo wa video uliotungwa na kampuni ya Yager ya Berlin na kutolewa mwaka 2012, hauna thamani kwa kuwa mapigano yake ni ya kawaida, amesema nusu ya kweli na kuhukumu kwa dhuluma. Naam, kujibanza ukutani, kuchungulia na kufyatua risasi, kamera ikimfuata shujaa mgongoni, ni mambo yaliyokwisha kuzoeleka. Lakini Kapteni Walker, ndiye shujaa huyo, katika Dubai iliyofukiwa na mchanga, anapomimina fosforasi nyeupe, silaha iunguzayo, juu ya kambi ya maadui, kisha mchezaji akalazimika kupita kwa miguu hadi kwenye maiti za raia waliohifadhiwa hapo, hubainika kwamba anayehojiwa ni mchezaji mwenyewe, kwa suali ambalo michezo mingi ya jinsi hii hulikwepa. Kazi yenye ujasiri huo haistahiki kupimwa kwa bunduki zake peke yake.