"Bodi Imeungua"? Nani Kaipima?

Leo sitaandika habari za programu. Leo nina neno na mafundi wetu wa kompyuta wa Kericho, Litein, Sotik na Bomet, na nina neno pia na sisi wateja wao.

Kuna hukumu moja inayotolewa kila siku katika vibanda vyetu. Laptopu imegoma kuwaka. Fundi anabonyeza kitufe mara tatu, anachomeka chaja yake, anatikisa kichwa: "Bodi imeungua. Tafuta nyingine." Dakika tano, kesi imekwisha.

Mimi nasema hukumu bila kipimo si ufundi, ni kubahatisha. Hata siku bodi ikiwa imeungua kweli, fundi huyo hakujua, alipatia tu.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu huku kwetu laptopu ya mwanafunzi imenunuliwa na majani chai. Mzazi amengoja bonasi, ambayo huja mara moja kwa mwaka, akanunua EliteBook au Latitude ya mtumba, mtoto akaenda nayo Chuo Kikuu cha Kabianga. Mashine hiyo ikihukumiwa kifo mwezi wa tatu, bonasi nyingine iko mbali sana na mitihani haingoji.

Na hali ya hewa yetu haiwahurumii wenye vifaa. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu, na alasiri ngurumo na mvua ya mawe vinafuata. Stima inapotea, kisha inarudi kwa kishindo. Mashine ikigoma baada ya hapo, kila mtu anasema radi imechoma bodi. Lakini fikiri kidogo: kati ya ukuta na bodi kuna nini? Kuna chaja. Mara nyingi ndiyo inayopokea pigo kwanza, kwa hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Haya basi, kesi isikilizwe kwa utaratibu.

Kwanza, soketi. Chomeka simu hapo uone kama inachaji. Usicheke, zipo laptopu zilizofunguliwa skrubu zote kumbe soketi ndiyo mbovu.

Pili, chaja. Soma kibandiko chake. Nyingi za mashine hizi zimeandikwa volti 19.5. Weka mita kwenye ncha. Ukipata sifuri, au namba inayorukaruka ukitikisa waya, umeshampata mshukiwa. Kwenye Dell na HP nyingi zenye ncha ya duara, pini nyembamba ya katikati huitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, betri inaweza kukataa kuchaji ingawa volti zote zipo. Chaja za USB-C ni jambo jingine: zenyewe huanza na volti 5, kisha hukubaliana na mashine kupanda hadi 20. Fundi asikuambie chaja ya namna hiyo imekufa kwa sababu tu amepata 5.

Tatu, ondoa chaja, chomoa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Kazi yake ni kumwaga umeme uliobaki ili kijichipu kinachosimamia uwashaji kianze upya. Rudisha chaja peke yake, ujaribu. Haigharimu hata shilingi.

Nne, tofautisha "haiwaki" na "haionyeshi picha". Kama feni inazunguka, au taa ya Caps Lock inapepesa, mashine haijafa: inazungumza! Hesabu mipepeso, ulinganishe na maelezo ya kampuni iliyoitengeneza. Toa memori, futa meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja. Mulika skrini kwa tochi. Ukiona picha hafifu, shida ni mwanga wa skrini.

Baada ya yote hayo ndipo tunafika kwenye bodi. Hata hapo, "imeungua" si jibu. Wapi? Mara nyingi ni kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyopiga shoti na kuvuta njia nzima ya umeme chini. Fundi mwenye mita anaipata hiyo njia. Fundi mwenye subira anaipata kapasita yenyewe kwa kuona inapopata joto. Kifaa ni cha senti, ujuzi ndio wa pesa.

Na tafadhali: laptopu kukataa kuwaka hakumaanishi kazi yako imepotea. Kwenye nyingi za mashine hizi za mtumba, diski hutoka kwa skrubu chache na kusomwa kwenye mashine nyingine. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake wa kurejesha, kwa hiyo uandike leo. Usimwachie mtu diski yako pamoja na mashine "iliyokufa".

Najua mafundi watanijibu: "Wewe unakaa na programu zako, hujui biashara. Mteja hataki kulipia kupima." Ni kweli, na hapa ndipo sisi wateja tunapoingia kizimbani. Tunamwambia fundi "angalia tu," maana yake fanya kazi ya saa nzima bure. Tunamlipa anapobadilisha kifaa, basi anabadilisha kifaa. Tumemfundisha wenyewe kwamba kuuza bodi kunalipa na kufikiri hakulipi.

Tubadilishe mkataba. Mteja, lipia upimaji, hata kama mashine haitapona. Fundi, kwa malipo hayo toa karatasi: chaja ilikuwa volti ngapi, ulijaribu nini, ni sehemu gani yenye shoti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili afaidike nazo. Namba tatu kwenye karatasi si kuombana makuu.

Kwenye kituo cha kununulia chai, mkulima hakubali kuambiwa "majani yako ni machache" kwa macho tu. Anadai mizani, anasoma kilo mwenyewe. Akifika kwa fundi wa laptopu, adai mita.