Tuhuma Isiyotamkwa Haijibiki

Mwaka 2017 Jumba la Magwiji wa Besiboli la Cooperstown, New York, liliwapokea wachezaji wawili ambao kura zao hazipatani kabisa. Iván Rodríguez alikuwa ametajwa kwa jina katika kitabu cha José Canseco cha 2005. Canseco, aliyecheza naye timu moja, alidai kumdunga steroidi yeye mwenyewe. Rodríguez alikana, na akapita mara ya kwanza tu alipopigiwa kura, kwa asilimia 76 ya kura za waandishi wa besiboli. Jeff Bagwell hakutajwa hata katika ripoti ya George Mitchell ya 2007, iliyoanika majina ya wachezaji zaidi ya 80 waliohusishwa na dawa za kuongeza nguvu. Kilichomponza ni misuli iliyotuna. Mwaka 2011 aliambulia asilimia 41.7, ilhali zinahitajika 75, akasubiri hadi kura ya saba. Mwenzake wa zama hizo, Mike Piazza, alishukiwa kwa sababu ya chunusi za mgongoni. Chunusi!

Sisemi Rodríguez angefungiwa mlango. Ninachosema ni kwamba tuhuma humchafulia mchezaji jina zaidi pale ambapo hakuna anayelazimika kuitamka. Ikishatamkwa huwa na mwenyewe, na mtuhumiwa hupata cha kujibu. Mchukue Barry Bonds, aliyevusha mpira nje ya uzio mara 762, rekodi ambayo haijafikiwa. Dhidi yake yapo mambo ya kushikika: mwaka 2003 aliliambia jopo la mahakama lililochunguza BALCO, maabara iliyotuhumiwa kusambaza steroidi, kwamba alitumia krimu na matone aliyopewa na mkufunzi wake, akidhani ni dawa ya baridi yabisi na mafuta ya kitani. Alitiwa hatiani 2011 kwa kuzuia haki, mahakama ya rufaa ikafuta hukumu hiyo 2015, lakini maelezo yake yakabaki. Mpira wake wa 756, uliompita mshika rekodi wa awali, Hank Aaron, umo Cooperstown ukiwa na alama ya nyota, ishara ya rekodi yenye walakini, kwa sababu mnunuzi wake, mbunifu wa mavazi Marc Ecko, aliwaachia watu waamue kwa kura mtandaoni. Bonds mwenyewe alikomea asilimia 66 katika kura yake ya mwisho ya waandishi, 2022. Aliyemnyima kura anaweza kutetea uamuzi wake kwa sentensi mbili, hata nikibishana naye. Aliyemnyima Bagwell angeandika nini?

Waliomnyima kura watajibu kwamba jumba si mahakama, na kanuni zake zinataja uadilifu. Ni kweli, hakuna anayeidai heshima hiyo kama haki yake. Watasema pia kwamba ushahidi usingepatikana kwa sababu vipimo havikuwapo. Hapo ndipo hoja yao inapowageukia. Rita Jeptoo wa Kenya alinyang'anywa ushindi wa Boston Marathon wa 2014 kwa sababu riadha ilichukua sampuli, ikasikiliza shauri, ikatoa uamuzi. Besiboli ilipiga steroidi marufuku kwa waraka wa kamishna mwaka 1991, lakini adhabu kwa wanaofeli vipimo zikaja 2004. Uzembe huo ulikuwa wa ligi, na ukaidi wa chama cha wachezaji ukauongezea nguvu. Bud Selig, aliyeiongoza ligi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, aliingizwa jumbani 2017, siku moja na Bagwell. Yeye hakusubirishwa.

Hoja nzito zaidi ni ya waliocheza bila kuguswa na tuhuma. Fred McGriff alivusha mipira 493, takwimu zake zikamezwa na za wenye misuli, na waandishi hawakuwahi kumpa zaidi ya asilimia 39.8. Lakini kumshuku Bagwell hakukumsaidia McGriff hata chembe. Alisaidiwa na kamati ya jumba iliyomchagua kwa kauli moja Desemba 2022, ikamkataa Bonds katika kikao hichohicho.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kura yenye jina la mpigaji. Mwaka 2016 chama cha waandishi wa besiboli kiliamua kwa wingi mkubwa kwamba kura zote zichapishwe. Uongozi wa jumba ulikataa, na hadi leo mwandishi anaweza kumwacha mtu nje kwa sababu ya umbo la mwili wake bila kuulizwa na yeyote.