Mtoto Mkubwa Ana Kauli Yake

Kila zinapotajwa safari za wageni wanaokwenda nchi za mbali kuasili watoto, hasa watoto waliokwisha kukua na wenye ulemavu, neno moja halikosi kusikika: uokozi. Neno hili linanikera. Mwokozi husifiwa, mwokolewa hutakiwa ashukuru. Na aliyefungwa kwa shukrani hana tena nafasi ya kusema.

Tuutazame mfano wa China. Tangu 1992 hadi 2024, watoto zaidi ya 160,000 waliasiliwa kutoka nchi hiyo wakapelekwa ng'ambo, takriban nusu yao Marekani. Mwanzoni wengi walikuwa wachanga wa kike; miaka ya mwisho karibu wote walikuwa na maradhi au ulemavu, na baadhi yao walikwisha kupita umri wa kubebwa. Wazazi kutoka Marekani walisafiri kwa majuma mawili hivi: kwanza jimboni, ambako mtoto alikabidhiwa mbele ya maofisa, kisha Guangzhou kutafuta viza. Katika siku hizo chache mtoto wa miaka kumi alibadilishiwa mzazi, chakula, lugha na, mara nyingi, jina.

Sikatai kwamba safari hizo zilikuwa na kheri. Wapo waliopasuliwa moyo wakapona, na wapo walioepushwa kukulia vituoni. Kwani kwa miaka mingi sheria ya China ilimfungia mlango wa kuasiliwa mtoto aliyetimiza miaka 14. Ninachokataa ni dhana kwamba mtoto huyo alikuwa karatasi tupu. Mfikirie mtoto kiziwi aliyejifunza lugha ya alama ya China. Kwa lugha hiyo anatania, anagomba, anaomba maji. Akishuka Marekani anakuta lugha ya alama nyingine kabisa. Watu watasema alikuja bubu, akafundishwa kusema. La hasha! Alikuja msemaji, akanyamazishwa. Nasi tupendao ushairi, tunaojua uzito wa neno lililoingia moyoni utotoni, tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mkataba wa The Hague wa 1993, ambao China imeuridhia, unataka mtoto ashauriwe kwa kadiri ya umri na upevu wake, na matakwa yake yazingatiwe. Septemba 2024 China ikatangaza kuufunga mlango, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo. Mamia ya familia za Marekani zilikuwa zimekwisha kupangiwa watoto. Baadhi ya watoto hao walikwisha kuonyeshwa picha za wazazi wao watarajiwa. Walioshangilia heshima ya taifa hawakuwauliza watoto. Waombolezaji wa uokozi nao walilia kilio chao wenyewe.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya watu wa mbali. Sisi hujivuna kwamba sharia ya Kiislamu haikati nasaba: yatima hulelewa kwa kafala, akabaki na jina la babaye. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 nayo imeitambua kafala. Ni fahari ya haki. Lakini kafala inayomchagua mtoto mchanga mzima wa viungo, ikamwacha wa miaka kumi asiyetembea akae chumba cha uani, haina uso wa kumnyooshea kidole Mmarekani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na mlezi asiyesikiliza bado hajaianza kazi.

Mlango wa China umefungwa, lakini safari zinaendelea kwingine: Colombia, India, Bulgaria. Basi anayetaka kuvuka bahari kumfuata mwana wa watu, na ajifunze kwanza lugha ya mtoto huyo. Amwachie jina lake. Amuulize, kisha angoje jibu, hata likiwa ni "sitaki". Asiyeweza kulistahimili neno hilo, na abaki kwao.