Wapewe Ukumbi Vijana wa Magitaa

Imekuwa desturi ya baadhi ya ndugu zetu viongozi, kila wasikiapo kwamba vijana wanne au watano wamekusanyika jioni na magitaa yao, kuuliza kwanza ni nani aliyewapa ruhusa, kisha kuuliza muziki huo ni wa nchi gani. Hawaulizi gitaa lile limepatikanaje, wala hawaulizi kama waliopiga usiku kucha walirudi nyumbani na chochote mfukoni. Sisi twaona kwamba maswali haya mawili yasiyoulizwa ndiyo yenye maana zaidi, na leo tunapenda kuyazungumza pasipo kumficha mtu, maana mpiga muziki ni mfanyakazi, na Chama hiki hujiita cha wafanyakazi na wakulima.

Tuichukue kata ya Rugu, katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Msomaji wa Dar es Salaam atashangaa kwa nini twaanzia mbali hivyo, kwenye migomba na mibuni, karibu na mpaka wa Rwanda. Twaanzia huko kwa sababu watu wengi hudhani kwamba muziki wa bendi ni mambo ya mjini, na kwamba kijana wa Karagwe mwenye gitaa amepotea njia. Lakini Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 walikuta nchi yenye wanamuziki wake, na wakaandika habari za nanga waliyoisikia huko, kile chombo cha mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo, ambacho uzi wake mmoja huzungushwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi kadhaa. Majirani zao Wahaya waliimbia nanga hiyo tenzi ndefu za mashujaa, na Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioisha mwaka 1986. Kadhalika katika nchi hizi za maziwa yalikuwako makondere ya ikulu. Kila kondere hutoa sauti yake moja tu, na kwa hiyo wimbo haupatikani mpaka kila mpulizaji aingie mahali pake kwa wakati wake. Mtu mmoja akichelewa, wimbo una pengo. Hiyo ni bendi, ndugu msomaji, na ni ya kale kuliko bendi zote za mjini.

Wapiga makondere hao walikuwa na mtu wa kuwalisha, naye ni mfalme. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na ilifanya vyema, wala hatuna machozi ya kuwalilia. Lakini tukiri kwamba siku ile hakuna aliyeuliza wapuliza makondere watakula wapi kuanzia kesho yake. Tuliondoa mlezi mmoja bila kumweka mwingine, na vijiji vingi viliachwa hivyo mpaka leo.

Mijini mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz Band, na wapigaji wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa kila mwezi, kama makarani na madereva. Bendi hiyo ilibadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na wapenzi wake wakaijua zaidi kwa jina la Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, polisi walikuwa na yao, na jeshi vilevile. Hata bendi isiyokuwa ya shirika kubwa iliweza kuliwakilisha taifa: Morogoro Jazz, akiwamo Mbaraka Mwinshehe, ilipelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mpango ule ulikuwa na kasoro yake, nayo tusiifiche. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mpigaji aliyegombana na wakubwa zake aliondoka mikono mitupu, gitaa likabaki kabatini. Hata hivyo alikuwa ameonja mshahara, na aliyekuja nyuma yake alilikuta gitaa mahali pake.

Katika miaka hiyo hiyo tulifanya kosa ambalo wazee wa Chama wanalikumbuka, na wengine wao hawapendi likumbushwe. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana na kwamba ni wa kigeni. Nani leo anaweza kusimama mbele ya mkutano na kueleza marufuku ile iliokoa nini? James Brown hakufilisika, na vijana waliendelea kumsikiliza majumbani. Na wakati huohuo rumba iliyopigwa na bendi zetu wenyewe ilikuwa imetoka Kuba kupitia sahani za santuri, na mtu hakuiita ya kigeni, kwa kuwa waliokuwa wakubwa wakati ule waliicheza ujanani mwao. Tunasema hivi kwa heshima, lakini tunasema: mara nyingi muziki wa kigeni huwa ni ule ambao kiongozi hakuucheza alipokuwa kijana.

Basi sasa umekuja muziki mwingine. Tazama Nairobi. Kwa miaka mingi vijana wa huko wamekuwa wakikusanyika katika klabu ndogo, bendi tatu au nne kwa usiku mmoja, kupiga roki ya aina zake zote: ile iitwayo indi, maana yake ya wajitegemeao wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na ile nzito yenye kupayuka, iliyozaliwa na panki, ambayo wenyewe huiita hadikoa, na wale waliokuja baadaye wakaitanua zaidi huitwa posti-hadikoa. Bendi kama Last Year's Tragedy na Crystal Axis zilikulia katika usiku wa namna hiyo. Wawili wengine wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliungana wakajiita Duma, na santuri yao ikatolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa Ulaya na Marekani. Kampala, tuwakumbushe wasomaji, iko karibu na Rugu kuliko ilivyo Dar es Salaam.

Tumeusikiliza muziki huo. Hatutasema uongo kwamba tuliupenda wote. Mahali pengine maneno hayasikiki kabisa, na kwa Mswahili aliyezoea kufuata beti mpaka mwisho hilo ni shida kubwa. Mtu hujiuliza kama mwimbaji ana habari ya kutupa au ana koo tu. Lakini masikio yetu hayawezi kuwa sheria ya nchi.

Lililotuvutia zaidi ni namna muziki huo ulivyoanza huko utokako. Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1980, vijana waliokuwa wametoka shuleni juzi tu walianzisha kampuni yao ya santuri, Dischord, kwa sababu hakuna kampuni iliyowataka. Bendi moja ya kundi hilo, Fugazi, ilipiga mara ya kwanza mwaka 1987. Iliweka kiingilio cha chini, kwa kawaida dola 5, ikadai kwamba watu wa umri wote waruhusiwe kuingia, na ikakataa hata kuuza fulana zenye jina lake. Mwimbaji wake, Ian MacKaye, hakuwa mlevi. Kwa kuwa mabaa hayakuruhusu watoto, na wao hawakutaka kuwaacha watoto nje, walipiga mara nyingi katika kumbi za makanisa na za jumuiya. Je, msomaji wa Azimio la Arusha hayatambui mambo haya? Vijana wa nchi ya mabepari waliamua kujitegemea, wakakodi ukumbi wenyewe, wakabeba spika wenyewe, wakagawana mapato. Sisi wenye Azimio hatujawapa wetu hata ukumbi.

Turudi Rugu, tupige hesabu, maana wengi hulizungumza jambo hili bila hesabu. Tuseme kwa mfano bendi tatu za vijana, jumla yao kumi na wawili, wanataka kupiga Jumamosi moja. Watu 60 wakiingia kwa shilingi 2,000 kila mmoja, mlangoni zitapatikana shilingi 120,000. Spika na jenereta hukodishwa kwa mtu anayehudumia harusi: tuseme 70,000. Petroli 15,000. Pikipiki za kuleta vyombo na kuvirudisha 10,000. Hapo zimebaki 25,000, yaani kila mpigaji apate shilingi elfu mbili na kitu kidogo. Si mali, lakini mtu ataweza kununua uzi mpya wa gitaa. Sasa ongeza kodi ya ukumbi ya 30,000. Usiku ule ule, watu wale wale 60, umegeuka deni la shilingi 5,000. Ndiyo sababu vijana huishia baa, ambako ukumbi ni wa bure na mwenye baa huwalipa kwa bia. Kisha sisi wenyewe husimama jukwaani kulalamika kwamba wanamuziki ni walevi.

Na ukumbi upo! Katika kata nyingi za nchi hii Chama kina jengo la tawi, lililojengwa na wanachama kwa mikono yao, likiwa na sakafu, paa na viti. Mkutano ukimalizika hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa katibu mpaka mkutano mwingine. Katika baadhi ya matawi hukodishwa kwa harusi, nasi hatuna ugomvi na harusi. Lakini kijana wa kijiji, ambaye baba yake alichanga bati la paa lile, atozwe kodi sawa na mfanyabiashara aliyetoka mbali kuja kuonyesha filamu?

Pengine tutajibiwa kwamba Chama kimewajali wasanii, na kwamba kina kikundi chake, Tanzania One Theatre, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni kweli, na marehemu Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015, alikifanya kikundi hicho kijulikane nchi nzima. Lakini nyimbo za kampeni ni kazi ya miezi michache. Uchaguzi ukikaribia kila mgombea hutafuta bendi, wapigaji hupandishwa kwenye malori, huvishwa sare, huambiwa wao ni hazina ya taifa. Uchaguzi ukipita, kijana yule yule akija kuomba ukumbi huambiwa arudi wiki ijayo. Wafanyakazi wa kiwandani wakitendewa hivyo tungeandika tahariri kali.

Wazazi wana hoja zao, na hizo si za kudharauliwa. Wanaogopa kelele za usiku, pombe na usalama wa mabinti wao. Mama wa Rugu aliyeamka alfajiri kwenda kuchuma kahawa ana haki ya kulala. Kwa hiyo sisi hatupendekezi dansi mpaka majogoo. Usiku wa klabu unaweza kuanza saa kumi jioni ukaisha saa tatu, pombe isiuzwe mlangoni wala ndani, na mama mmoja wa UWT akakaa mlangoni kukusanya kiingilio na kuona nani anaingia na nani anatoka. Vijana watanung'unika kuhusu saa tatu. Waache wanung'unike, watakuja.

Nao vijana tuna la kuwaambia. Wasije kutuuzia Nairobi wala Washington iliyonakiliwa vibaya. Saida Karoli, binti wa Kagera, aliimba Kihaya mwaka 2001 na Tanzania nzima ikamwimbia pamoja, hata wasiojua neno moja la lugha ile. Na mwaka 2016 Diamond Platnumz aliurudia wimbo wake wa Salome. Kijana wa Karagwe anayetaka kupayuka na apayuke, lakini apayuke habari za bei ya kahawa, au za ndugu yake aliyekwenda mjini asirudi, au za shamba lililogombaniwa mahakamani mpaka mzee akafa. Nanga ya babu yake iko mahali fulani kijijini. Hatujui itasikikaje ikipitishwa kwenye spika kubwa, ila tungependa kuwapo siku ya kwanza.

Tunayoyaomba kwa matawi ni machache. Ukumbi utolewe bila kodi mara moja kwa mwezi kwa bendi za kata ile ile. Fedha za mlangoni zihesabiwe hadharani usiku ule ule, wapigaji walipwe kabla viti havijapangwa, na karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani ili kila aliyeingia aisome. Mwenye kibali asisumbuliwe na mgambo katikati ya wimbo. Na kama tawi lina akiba kidogo, linunue spika moja, iandikwe jina la kijiji, vijana waitunze kwa zamu na kuiazima kwa mikutano ya Chama bila malipo. Mkoa wa Kagera una matawi ya kutosha kulijaribu jambo hili kabla msimu mwingine wa kahawa haujaanza, na Rugu ingefaa kuwa ya kwanza. Katibu na aanze kwa kuutafuta ufunguo.