Mama wa Kwenye Pakiti

Tangazo lenyewe kila mwenye televisheni analijua. Mama kajifunga kanga, kainamia sufuria, mvuke unapanda. Watoto wanaacha mpira na kukimbilia ndani. Baba anaingia na tai shingoni, ananusa, anatabasamu. Bibi aliyetoka shamba anaonja mchuzi na kuitikia kwa kichwa: mkamwana wake ameiva. Hapo ndipo inapoibuka pakiti ya unga wa mchuzi, na sauti nzito inatuarifu kwamba hii ndiyo ladha ya nyumbani. Pembeni zimepangwa nyanya, vitunguu na majani ya giligilani yenye matone ya maji, kana kwamba yamechumwa asubuhi ile ile.

Je, ni haki kuuza chakula cha kiwandani kwa jina la jiko la mama? Wapo wanaoona ni mbwembwe za biashara tu, na wapo wanaotaka pakiti zenyewe zipigwe vita. Mimi siko kwa hawa wala kwa wale. Pakiti haina kosa. Kosa ni sifa inayojivika ambayo si yake.

Tuanze na utetezi wake, maana una uzito. Mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku, baada ya kusimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala, hawezi kuanza kuchemsha maharage. Muda wake umekwisha, na mkaa au gesi vyote ni pesa. Tambi za dakika chache, ambazo Momofuku Ando alianza kuziuza Japani mwaka 1958, zinamsitiri. Huko pwani, tui la kopo limewaondolea wanawake kazi ya kukalia mbuzi, kukuna nazi na kukamua tui zito kisha jepesi. Aliyekuna nazi ujana wake wote halilii kibao. Tena mchemraba wa supu, ambao Julius Maggi aliuingiza sokoni mwaka 1908, umekwisha kuwa mwenyeji katika majiko yetu. Anayemwambia mama wa leo kwamba akiutia basi hajapika, anamtukana bure.

Lakini kurahisisha kazi ni jambo moja, na kujitwalia jina la mfanyakazi ni jambo jingine. Hila hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1921, kampuni ya unga ya Washburn-Crosby ya Minneapolis, Marekani, ilipokea barua nyingi za wanawake waliouliza namna ya kuoka. Wakuu wa kampuni waliona haifai wanaume kuzijibu, wakabuni mwanamke: Betty Crocker. Jina la ukoo lilitokana na mkurugenzi mstaafu. Sura alichorewa mwaka 1936. Kufikia mwaka 1945 jarida la Fortune lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa umaarufu Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt. Mpishi huyo hakuwahi kuzaliwa, wala kuungua kidole, wala kuosha sufuria.

Kisha ukaja unga wa keki ulio tayari. Mwaka 1933 kampuni ya Duff ya Pittsburgh iliomba hataza ya unga ambao mpishi angeuongezea mayai mabichi mwenyewe, kwa hoja kwamba akina mama wanayapendelea. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Ernest Dichter alizishauri kampuni vivyo hivyo: mwachie mama kazi kidogo, ajione kapika. Geuza pakiti zetu usome maelekezo: kaanga kitunguu, tia nyanya, tia nyama, kisha ongeza unga huu. Kazi yote ya kuleta ladha imefanywa na mama kabla pakiti haijafunguliwa, lakini kwenye tangazo anayepongezwa ni unga. Mama ananyang'anywa sifa ya mkono wake, kisha anauziwa.

Dhuluma ya pili iko kwenye afya. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwenye pakiti nyingi za namna hii kinachotangulia ni chumvi au wanga wa mahindi. Zile mboga za kwenye picha hukaa mkiani, zikiwa zimekaushwa. Mchemraba wa gramu 4 kwa kawaida una chumvi kiasi cha nusu ya uzito wake. Familia ya watu wanne ikitia miwili, kila mmoja ameshapata takribani gramu moja kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi, na wengi huligusa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Picha ya nyumbani inamfanya mlaji asihesabu, kwa sababu hakuna anayehesabu chumvi ya mama yake.

Anayeumia zaidi ni mama lishe. Huyu ndiye hasa anayeuza mapishi ya nyumbani: kaamka alfajiri, kachambua mchele, kakaanga vitunguu mbele ya wateja, na sufuria yake yeyote anaweza kuichungulia. Hana fedha za kulipia tangazo, na sifa pekee aliyokuwa nayo imebandikwa kwenye karatasi ya nailoni.

Sheria hazikosekani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Shida ni kwamba "ladha ya nyumbani" haina kipimo, na pasipo kipimo hapana kesi. Wafaransa walijaribu kukiweka: tangu mwaka 2014, mgahawa unaoandika chakula chake kimepikwa hapo hapo sharti ukipike kutokana na vyakula vibichi. Wapishi walilalamika kwamba sheria iliruhusu mboga zilizogandishwa, na walikuwa na hoja. Hata hivyo, kipimo chenye matundu kinaweza kuzibwa, kisichokuwapo hakizibiki.

Nasi tunaweza kuanza na machache. Maneno kama "ya nyumbani" na "kama ya mama" yaachiwe chakula kilichopikwa kutokana na viambato vibichi pale kinapouzwa. Kila kinachochorwa mbele ya pakiti kiandikiwe asilimia yake ndani, kama kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inavyodai. Na chumvi ikizidi, ionyeshwe mbele kwa alama isiyohitaji miwani, kama zile pembenane nyeusi ambazo Chile ilizilazimisha mwaka 2016.

Hakuna hata moja kati ya haya litakaloondoa pakiti dukani. Itabidi tu ijinadi kwa kile inachokitoa kweli, yaani kuokoa muda na kuni. Hiyo ni sifa ya kutosha kuuzia bidhaa kwa mtu aliyechoka. Kampuni inayoona haitoshi, mpaka imkodi bibi wa kuigiza aje kuonja, yenyewe imeshatuambia inavyoithamini bidhaa yake.