Sufuria Si Hidaya

Katika miji yetu ya pwani, tangu Vanga hata Lamu, mwanamke hupewa vitu kwa wingi mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya arusi yake. Hapo huja kisutu, huja mikufu, huja sanduku lenye nguo na udi na mafuta ya uturi. Mara ya pili ni siku atokapo nyumbani mwake bila ya kurejea, nao jamaa hushindana: huyu atoe sanda, yule atoe kafuri, mwengine atoe mchele wa hitima. Baina ya siku mbili hizo ipo miaka 30 au 40 au zaidi, na katika miaka hiyo mtoaji ni yeye.

Yeye ndiye atoaye chakula, atoaye usingizi wake mtoto akiugua, atoaye leso yake sandukuni jirani akizaa. Afikapo makamo, yaani akishavuka miaka 45 hivi na kuendelea, watu wamekwisha kumzoea kama walivyozoea kisima. Kila mtu huteka, na hapana akumbukaye kuuliza kama kisima nacho chaona kiu.

Neno langu la leo ni kuwa mwanamke huyo astahiki kupewa kitu kilicho chake mwenyewe, angali hai na macho yake yaona. Na kitu hicho hakitaki fedha nyingi. Kinataka mtoaji amjue anayempa.

Tutazame kwanza yale tunayoyatoa siku hizi. Mume akitaka kumfurahisha mkewe, au kijana aliyepata kazi akitaka kumtunuku mama yake, aghalabu hurudi na sufuria, au birika la umeme, au seti ya vikombe, au mashini ya kusagia nazi na viungo. Vitu vyema hivyo, sikatai. Lakini tujiulize: sufuria hiyo itampikia nani? Itatupikia sisi. Tumemkabidhi mama wa watu chombo cha kutufanyia kazi zaidi, kisha twangoja atushukuru.

Tena yako maneno ya sharia hapa, na wengi wetu tuliyapita chuoni bila ya kuyatia moyoni. Sisi watu wa pwani, walio wengi, tu watu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Katika vitabu vya madhehebu hayo, na kimojawapo ni Minhaji ya Imamu Nawawi kisomeshwacho sana na mashekhe wetu, upo mlango wa masurufu ya mke. Humo yametajwa yaliyomlazimu mume: chakula, makao, na mavazi yake kila miezi 6. Yametajwa pia vyombo vya kupikia, vya kulia na vya kunywea. Hata kitana na mafuta ya kichwa havikusahauliwa. Basi sufuria ni deni la mume. Na mtu hasemi kuwa ametoa hidaya alipolipa deni.

Ndugu yangu mmoja ataniambia, "Lakini mke wangu mwenyewe ndiye aliyetaka sufuria." Vyema, mnunulie, tena upesi. Lakini kiite kitu kwa jina lake: hiyo ni haki yake imemfikia. Hidaya yake bado iko kwako.

Vitabu hivyo hivyo vimepambanua hiba, sadaka na hidaya. Hiba ni kumilikisha mtu kitu bila ya badala. Hiba hiyo ikitolewa kwa mhitaji, au kwa kutaka thawabu za akhera, huwa ni sadaka. Na ikipelekwa hata kwa mwenyewe kwa ajili ya kumtukuza, huwa ni hidaya. Tazama maneno mawili hayo: kupelekwa na kutukuza. Hakikutajwa kima. Peremende ya kokoto ikipelekwa kwa kutukuza ni hidaya, na dhahabu ikirushwa juu ya meza bila ya neno yapungukiwa na sifa hiyo.

Wapo pia wanaosema kuwa mambo haya ya zawadi ni ya Kizungu, yametujia na siku za kuzaliwa na siku ya akina mama. Sina haja ya kubishana juu ya sikukuu za watu. Lakini kumkumbuka mwanamke mtu mzima kwa kitu kidogo ni kwetu, wala hatukuazima. Imepokewa kwa Bi Aisha, katika hadithi zilizo sahihi, kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akichinja mbuzi humkata vipande akawapelekea wanawake waliokuwa marafiki wa Bi Khadija, naye Bi Khadija amekwisha kufa. Wanawake hao hawakuwa wari. Walikuwa watu wazima, wa rika la mke aliyetangulia. Na walichopewa ni kipande cha nyama tu. Lakini kile kipande kilikuwa kikiwaambia: hamkusahauliwa. Imepokewa tena kwamba Mtume aliwausia wanawake, jirani asidharau kumpelekea jirani yake hata ukwato wa mbuzi. Baada ya hapo, ni nani atakayesema kuwa hana cha kutoa?

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana maneno bila ya mfano hayashiki.

La kwanza ni leso. Mtu atanishika hapa aniambie, "Umesema mavazi ni deni, na leso nayo ni vazi!" Ni kweli. Ukimtupia mkeo leso yoyote uliyoikuta dukani, umelipa sehemu ya deni. Kinachoigeuza leso ikawa hidaya ni jina lake. Leso ina pindo, ina mji, na chini ya mji lina jina, nalo ndilo barua. Anayejua mambo hashiki leso kwa uzuri wa rangi peke yake. Huifunua, akasoma, akafikiri. Nimepata kuwaona wanaume wazima, wasomi, wakitoka madukani na leso ambayo hawakuisoma, na jina lake ni "Mdhaniaye ndiye siye". Mtu akimpelekea mkewe wa miaka 25 ya ndoa leso hiyo, basi na ajitayarishe kueleza usiku kucha. Wala usimpe yenye vijembe vya wivu na mahasidi, ukamfanya mwanamke mwenye heshima zake kuwa tarishi wa ugomvi usio wake. Yako majina ya kheri: "Wema hauozi", "Nani kama mama", na mengine ya dua na shukrani. Chukua nusu saa pale Biashara Street, Mombasa, ambako leso zimeuzwa toka enzi za babu zetu, uwasomeshe wauzaji mpaka ulipate neno ambalo ungependa kumwambia kwa kinywa nawe waona haya.

Pea ya leso ya kawaida ingali yapatikana kwa chini ya shilingi 1,000. Lakini tahadhari na kitambaa. Zimejaa leso za nailoni na poliesta, zang'ara dirishani lakini hazinyonyi jasho. Na hapa nitasema jambo kwa staha, kwa sababu wanaume wengi hatuambiwi na hatuulizi. Mwanamke akikaribia miaka 50, hedhi yake hukoma, na kabla na baada ya kukoma wengi wao hushikwa na wimbi la joto mwilini, mara uso na kifua vikawa moto, jasho likamtoka usiku akaamka. Ongeza juu yake joto letu la kaskazi. Mtu wa hali hiyo ukimfunika kwa poliesta umemwadhibu. Mpe pamba tupu. Ukitaka kujua, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikafanya kishanga kigumu. Kisha kabla ya kuipeleka, ikate, uipeleke kwa fundi ipindwe, ili ikifika kwake iwe tayari kuvaliwa. Leso isiyopindwa ni kazi nyengine umempa.

La pili ni msahafu wa khati kubwa. Wengi wa mama zetu walihitimu chuoni wangali wasichana, na hata leo hawaachi Yasini zao usiku wa Ijumaa. Lakini mtu akishavuka miaka 40, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na herufi za karibu zikafanya ukungu. Mama huupeleka msahafu mbali, akaurudisha, akausogeza kwenye taa. Mara nyingi hasemi. Huanza kusoma zile sura alizozihifadhi tu, na nyumba nzima ikadhani kuwa anazipenda sana. Ukimwona hivyo, mnunulie msahafu wenye maandishi makubwa. Vyuo na maduka ya vitabu vyetu vinavyo, na bei si ya kutisha. Lakini uchungulie kwanza ule wa zamani. Kama alisomea chapa ya Bara Hindi, usimletee ya Madina, kwa kuwa alama za kusomea hazifanani, naye atatatizika kwenye jambo alilokuwa amelizoea. Kuchungulia huko, huko ndiko kutukuza. Miwani ya kusomea ni kitu kizuri pia, lakini mchukue mwenyewe akapimwe. Ukimletea tu katika mfuko, huenda akasikia umemwambia, "Umezeeka."

La tatu ni harufu njema. Imepokewa kuwa Mtume hakuwa akikataa tibu akipewa. Tola moja ya udi mzuri yaweza kupita uwezo wa mwenye mshahara mdogo, lakini udi wa kuunga, uliotiwa sukari na uturi na mikono ya wanawake wetu, si ghali. Kikuba cha asumini na mrihani kilichofungwa jioni ile ile ni rahisi zaidi, na chanukia chumba kizima mpaka alfajiri. Wako wanaume waliomnunulia mkewe kikuba kila jioni katika mwaka wa kwanza wa ndoa, kisha wakaacha, na lau ungewauliza sababu, wasingeijua.

Ila katika harufu nzuri kuna sharti. Umri huu ndio ambao wengi huondokewa na waume zao. Mwanamke aliye katika edda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, hajitii manukato wala hajipambi. Usimpelekee udi wala leso ya kung'ara siku hizo, ukamtia katika kukikataa au kukificha. Mpelekee kitu cha kumliwaza, kisha uweke hesabu yako kimya kimya, na siku edda iishapo ndipo ubishe mlango na kikuba mkononi. Siku hiyo watu wamekwisha kutawanyika, na ndiyo siku ya upweke mkubwa.

Vivyo hivyo na halua. Halua ya Lamu na Mombasa ni tunu, hapana asiyejua. Lakini sukari imeingia majumbani mwetu, na wanawake wa makamo wengi wamekatazwa vitamu. Ukimletea mwenye maradhi hayo pakacha la halua, ataifungua, atawagawia wajukuu, atalamba vidole kwa siri, na kesho atakwenda hospitali. Uliza kwanza.

Na wala si lazima kitu kiwe cha kushikwa. Yuko mwanamke Mombasa ambaye nduguye wa tumbo moja yuko Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, na hawajaonana mwaka mzima kwa sababu hapana wa kupika akiondoka. Mpe nauli, kisha umwambie, "Nenda siku tatu, nyumba nitaiangalia mimi." Neno la mwisho hilo ndilo hidaya, nauli ni karatasi yake ya kufungia.

Ama namna ya kutoa, ni muhimu kama kitu chenyewe. Usingoje Idi, kwa kuwa nguo ya Idi ni ada na kila mtu huipata. Usitoe mbele ya umati ili usifiwe. Usitoe baada ya ugomvi, ikawa ni kifunika mdomo. Mpe siku isiyo na sababu, ili sababu iwe ni yeye. Na ukishampa, usiulize kesho mbona hakivai. Huenda amekiweka sandukuni kwa kuwa amekipenda. Au amempa binti yake, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Kikiwa ni chake kweli, basi na kukigawa pia ni juu yake. Mungu ametukataza, katika Sura ya Albakara aya ya 264, kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na hidaya haina ruhusa zaidi ya sadaka katika jambo hili.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Twalisema neno hili kila siku, hata tumelifanya udhuru wa kutoa chochote kile kilichotangulia mkononi. Lakini moyo una macho. Humtazama mtu, ukamwona ashikwa na joto usiku, ausogeza msahafu kwenye taa, yuko edda, amemkumbuka nduguye. Basi leo jioni, kabla hujaingia dukani, mtazame mama yako, au mkeo, au shangazi yako, au dada yako mkubwa, kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja. Kile utakachokiona hapo ndicho cha kwenda kukinunua. Na sufuria, kama imetoboka, inunue pia. Lakini siku nyengine.