Nilimwambia "Usimsahau", Akamlisha Mpaka Akafa

Najua ukurasa huu umeuzoea kwa habari za mapenzi, mawifi na mishahara isiyofika tarehe 30. Leo naomba unisikilize habari ya samaki. Usifunue ukurasa kwanza, utaona tunafika wapi.

Naishi Mwanza, mji ambao samaki ni kitoweo, basi. Ukitaka sato, sangara au dagaa unashuka Mwaloni Kirumba, unapatana bei, unarudi kukaanga. Sasa nifikirie mimi nashuka kwenye basi la Dar nimepakata chombo chenye samaki mmoja wa urefu wa kidole. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, huyu hata mchuzi hautoshi!"

Samaki mwenyewe ni beta, mwekundu, mapezi yanapepea kama khanga mpya. Asili yao ni Thailand, nchi ambayo mwaka 2019 ilimtangaza kuwa kiumbe wa majini wa taifa. Madume wawili ukiwaweka pamoja ni vita, kwa hiyo wangu alikaa peke yake. Nilimwita Sultani. Nikirudi kazini nimechoka, anasogea kwenye kioo kunitazama. Cheka tu, lakini kwa mwanamke anayeishi bila mume, kupokelewa ni kupokelewa.

Ikafika likizo. Siku 10 kwa shangazi yangu Ukerewe. Asubuhi ya safari nilimwambia binti anayenisaidia kazi za nyumbani, "Mdogo wangu, samaki wangu usimsahau." Kopo la chakula nikaliacha mezani, huyo, nikakimbilia meli ya Nansio.

Niliporudi, maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yananuka. Sultani anaelea ubavu. Kopo nililoliacha limejaa lilibaki robo.

Nilifoka, ndugu yangu. Nilimwita mzembe, nikamwambia ameniulia samaki. Binti wa watu akalia. "Dada, nilimpa asubuhi, mchana na jioni, kama tunavyokula sisi. Nilimwonea huruma, yuko peke yake."

Usiku nikasikia anafunga begi lake.

Hapo ndipo akili ikanirudi. Binti huyu kazaliwa Sengerema, baba yake mvuvi. Kwao samaki halishwi, anajitafutia mwenyewe ziwani. Nani angemfundisha kupima punje za chakula? Mimi, na sikumfundisha. Nikaenda kukaa kitandani kwake, nikamwomba radhi. Haikuwa rahisi, bosi kumwomba radhi msaidizi wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja.

Sasa kama na wewe una beta na unasafiri, nisikilize mimi niliyelipa ada.

Beta mkubwa mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku 3 au 4. Safari ya wikiendi usimsumbue mtu kabisa. Kinachomuua ni shibe: chakula kinachobaki huoza, kinatoa amonia, na amonia kwenye maji machache ni sumu.

Kwa safari ndefu, funga chakula kwenye vikaratasi, kila kimoja punje 3 au 4, uandike siku. Siku moja kula, siku moja kupumzika. Kopo lifiche. Ndiyo, lifiche, maana mwenye huruma akiliona ataongeza.

Siku moja au mbili kabla ya kuondoka, badilisha robo ya maji, siyo yote. Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Acha nafasi juu ya maji, kwa sababu beta hupanda kuvuta hewa kama sisi, na funika kwa kitu chenye matundu, kwa sababu anaruka. Tangi lisikae dirishani kwenye jua kali. Na kabla ya kuondoka, mwite atakayebaki, amlishe mbele yako mara moja. Akikosea, mcheke pamoja.

Jirani yangu alikuwa na ushauri wake: "Kwani si umtupe ziwani tu, maji yote yale?" Hapana jamani. Ziwa letu lina kidonda cha namna hiyo. Sangara alipandikizwa humu miaka ya 1950, akaja kula furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Na furu si wa kudharau. Yupo mmoja wa huku kwetu Mwanza ambaye wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wazungu wanamfuga kwenye vioo vyao na kumsifia rangi, sisi tunamwita samaki wa kutupa. Mgeni asiyejulikana atafanya nini ziwani usimwachie.

Lakini mpenzi msomaji, samaki ni mfano tu. Ni mara ngapi tumeondoka tukaacha neno moja, "mwangalie"? Mtoto tunamwacha kwa bibi bila kusema ana mzio wa nini. Mama mgonjwa tunamwacha kwa mdogo wetu bila kusema dawa ipi ni ya usiku. Yakiharibika tunarudi na hasira, tunatafuta wa kumlaumu, na mara nyingi huyo ndiye aliyependa zaidi kuliko alivyoelekezwa. Upendo alikuwa nao. Maelekezo tulikuwa nayo sisi, tukasafiri nayo.

Pasaka nilikwenda tena Ukerewe. Nyumbani niliacha beta mwingine, wa bluu, na vikaratasi vitano. Jina alimpa binti mwenyewe: Sengerema. Siku ya tatu akanitumia picha kwenye simu, na ujumbe: "Dada, leo siku yake ya kupumzika. Ananiangalia vibaya, lakini sijampa."

Nilicheka peke yangu pale ufukweni mpaka shangazi akauliza kuna nini.

Na wewe, nani uliwahi kumlaumu kwa kosa ambalo maelekezo yake ulibaki nayo mfukoni? Mpigie leo. Tukutane mwezi ujao.